Mkono wa Akiba wa Lusajo

Lusajo alikuwa anatushinda tena. Kadi yake ya Fundi Hewa iliwaka ukingoni, mkewe Tupokigwe akaisukuma mbele kwa kidole kimoja, na sauti ya Lusajo ikatoka kwenye kadi pamoja na kile kikohozi chake cha kusafisha koo: "Hewa ipo, wanangu! Pumueni!"

"Mwone," alisema Tupokigwe kwa furaha. "Kumbe alikuwa ameikalia muda wote."

Mimi nilitupa kadi zangu mbili za mafuta mezani nikamwita mwizi. Nimemwita mwizi tangu tukiwa watoto wa majirani, na sikuona sababu ya kuacha kwa vile amekufa. Yeye mwenyewe alikuwa nyuma ya nyumba, kati ya migomba, na ule ulikuwa mwaka wa nne mvua ya Tukuyu inamnyeshea. Kilichokuwa kinacheza pale mezani ni mkono wake wa akiba.

Tupokigwe na mimi tulilijua hilo, ukoo mzima ulilijua, majirani walilijua. Aliyekuwa halijui ni mchezaji wetu wa nne peke yake, na huyo ndiye aliyekuwa na haki ya kulijua kuliko wote, maana Lusajo alikuwa kaka yake wa tumbo moja.

*

Ni lazima nirudi nyuma kidogo. Vijana wa sasa ukiwatajia Wana wa Kimondo wanakutazama kama umewatajia dawa ya minyoo.

Ulikuwa mchezo wa runinga. Jumamosi jioni ukipita barabarani Tukuyu hukuti mtoto. Mwamba ulianguka kutoka mbinguni kule Mbozi, watoto na shangazi yao wakauchimba ndani, wakaufanya chombo, wakaondoka nao kwenda kwenye nyota. Kila wiki kulikuwa na kitu kinachowaishia: wiki hii hewa, wiki ijayo mafuta, wiki nyingine uvumilivu. Ukiutazama leo utacheka. Chombo chenyewe kilikuwa mabati na kamba za katani, na wale viumbe wa sayari ya mbali walikuwa watu wazima waliopakwa masizi. Sisi hatukucheka hata kidogo. Wao wakiishiwa hewa, na sisi tulibana pumzi pale sakafuni hadi mama yake Lusajo atupige kibao.

Kisha zikaja kadi. Ziliuzwa ndani ya pakiti za karanga, na hukujua umepata nani mpaka uchane. Lusajo alikula karanga mpaka akalazwa, yote kwa kumtafuta Nahodha Shangazi, na aliporudi nyumbani akakuta mdogo wake wa kike, Subilaga, amempata kwenye pakiti ya kwanza aliyonunua maishani mwake. Alimnunia wiki nzima. Ninamwona hata sasa, amekaa kwenye ngazi na sweta lake la shule, anatafuna mdomo.

Sheria ya mchezo ilikuwa moja tu ya kukumbuka: huwezi kushusha kadi bila kutamka maneno ya mhusika wake, tena kwa sauti. Ukinong'ona, kadi inarudi mkononi. Ndiyo maana nyumba tuliyochezea ilisikika hadi sokoni.

Na kulikuwa na mkono wa akiba. Wazazi wa enzi zile walikuwa hawajui vita ni nini. Umeizingira sayari ya adui, umebakiza kadi moja, unasikia jina lako: kachote maji. Waliotengeneza kadi walikuwa wamekulia huku huku, wakaitwa kuchota maji kama sisi. Chini ya karatasi ya kila kadi wakaweka utando mwembamba unaohisi vidole na kusikia sauti. Ulijifunza unavyoshika kadi, unavyositasita, unachotoa kwanza ukiwa na hofu, unavyotamka. Ukiitwa, unaligonga fungu lako mara moja na kuondoka. Fungu linaendelea kwa tabia yako: kadi inayotaka kushuka inawaka ukingoni, mwenzako anakusukumia, sauti yako inatoka. Mwanzoni mkono wa akiba ulicheza kijinga, kama mtoto wa mwaka mmoja. Lakini tulicheza utoto wote, tukacheza ujana, tukaja kucheza tukiwa na ndoa na vitambi, na utando ule hausahau kitu. Kufikia uzee, fungu la Lusajo lilijua hata anavyocheza siku mgongo ukimuuma.

Kati yetu wote, Subilaga ndiye aliyeuamini ule mchezo wa runinga kikweli. Sisi tulikua, yeye akaondoka. Alisomea mitambo ya hewa, akapanda chombo cha kweli kisicho na katani, akaenda Titani, mwezi mkubwa wa Zohali, kuwatengenezea watu hewa ya kuvuta. Fungu lake la kadi alilifunga kifuani siku ya kuondoka. Tangu hapo tulicheza naye kila Jumamosi. Mimi nilifanya kazi kwenye kituo cha mawasiliano cha huku mlimani mpaka nikastaafu. Wakati wa kuniaga walinipa saa mbaya ya ukutani na ruhusa ya kutuma ujumbe mmoja kila Jumamosi, wa kubeba sauti za kadi zetu. Saa niliigawa. Ukituma wakati wa chai ya asubuhi, jibu la Titani linakukuta kwenye chakula cha mchana.

Lusajo alipofariki, ukoo ulikaa. Kwetu mtu aliye mbali hapewi habari ya kifo kwenye simu. Anaambiwa mzee anaumwa, njoo. Anapokelewa stendi, anabebewa mzigo, anafikishwa nyumbani, na akiona watu wamejaa uani anaelewa mwenyewe, na hapo ipo mikono ya kumshika asianguke. Ni utaratibu mzuri, nimeuona ukiwasaidia watu. Basi ukoo ukasema Subilaga ataambiwa akifika. Hakuna aliyeuliza atafika lini. Tupokigwe aligonga fungu la mumewe mara moja, na Jumamosi ile tukacheza watu wanne kama kawaida.

*

Jumamosi ninayoisimulia, baada ya Lusajo kushusha Fundi Hewa wake, jibu la Subilaga lilifika tukiwa tunakula. Nilidhani ni kadi tu. Kwanza ilikuja sauti ya kadi, na kwa kadi hiyo alitunyang'anya mafuta yote. Halafu sauti yake ikaendelea, ikiniita mimi kwanza.

"Ambo, hamjambo huko? Wifi, hujambo? Nina neno. Kuna chombo kinarudi Duniani, na kuna kiti kimoja. Kwa umri wangu hakitapatikana kingine. Nikikichukua, ninaacha kazi yangu, ninaacha nyumba, ninaacha kila nilichokijenga huku, na sitaweza kukirudia. Nimewaza mpaka nimechoka. Kaka, najua hupendi kuzungumza na mitambo, salamu zako zote unampa Ambo. Safari hii usimpe Ambo. Niambie mwenyewe kwa mdomo wako. Nirudi au nibaki? Ukisema rudi, nitarudi. Ninasubiri mpaka Jumamosi."

Tupokigwe alikuwa ameshika tonge, akalirudisha kwenye sahani, akainuka kukusanya vyombo ambavyo bado vilikuwa na chakula.

"Atarudi," alisema akiwa jikoni. "Umesikia, shemeji? Subi atarudi."

"Nimesikia anamwuliza Lusajo."

Nilisikia maji tu yakimwagika kwenye karai.

*

Katikati ya wiki aliniita. Nilimkuta anamenya viazi, mezani mbele yake kuna fungu la Lusajo limepangwa vizuri, na kwenye uso wa Tupokigwe kulikuwa na ile hali ya mtu aliyekwishaamua anasubiri tu kupongezwa.

"Keti, shemeji. Usiseme kitu kwanza." Alijifuta mikono kwenye khanga, akaweka kiganja juu ya fungu. "Mume wangu. Dada yako anauliza arudi au abaki."

Kadi ya juu iliwaka. Nilisikia kikohozi kile.

"Rudi, Subi," alisema Lusajo. "Rudi nyumbani, mdogo wangu. Umezunguka vya kutosha."

Kwa miaka yote minne fungu lile lilikuwa halijawahi kusema neno lisiloandikwa kwenye kadi. Tupokigwe alinieleza kwamba siku hizi Mbeya mjini kuna mafundi wanaofungua mafungu ya zamani. Utando umekusanya sauti ya mtu na tabia yake kwa maisha mazima. Wao wanaunganisha tu, ukiuliza unajibiwa. Alikuwa amelipeleka juzi.

"Hayo maneno nimeyatunga mimi?" aliniuliza.

"Hapana."

"Umemjua tangu mna kamasi. Asingesema hivyo?"

"Angesema hivyo hivyo, shemeji. Hata hilo la kuzunguka angelisema."

"Basi." Aliokota kadi ile, akanisukumia. "Imo humo, imehifadhiwa. Jumamosi umtumie."

Niliitazama bila kuigusa. "Angesema. Lakini hajasema."

"Mwee! Hajasema, hajasema. Kwani amekataa?"

"Amekufa."

"Najua amekufa! Nimemwogesha mimi." Kisu kilimwanguka, akakiacha pale chini. "Sikiliza, Ambokile. Subi akifika ataambiwa. Nitakwenda kumpokea mwenyewe, nitamleta hapa, nitamshika kwa mikono yangu. Si ndivyo tunavyofanya? Si ndivyo tulivyomfanyia kila mtu?"

"Atakuwa ameacha maisha yake yote kwa ajili ya mtu ambaye hayupo."

"Na mimi? Mimi sipo? Wewe hupo? Sisi si watu wa kurudiwa?"

Hapo alinikamata. Aliendelea kwa sauti ya chini, huku anakusanya maganda ambayo hayakuhitaji kukusanywa. Alisema akiambiwa Subilaga, mchezo umekwisha. Hakuna atakayetaka kukaa mezani na mkono wa akiba wa marehemu anayejulikana kuwa marehemu. Jumamosi yeye atakaa na nani? Nyumba ina vyumba vitano na redio moja. "Nilishamzika mara moja, shemeji," alisema. "Usinirudishe makaburini."

Niliondoka na kadi mfukoni. Sikuahidi kitu, ila nilijua ameniona nikiitia mfukoni, na kwake hiyo ilikuwa ahadi.

*

Niseme wazi kwamba nilitaka Subilaga arudi kuliko hata Tupokigwe alivyotaka. Sijaoa mara ya pili, na watu wa Tukuyu wana maelezo yao kuhusu hilo, yenye jina la Subilaga ndani, na safari hii watu wa Tukuyu hawajakosea. Siku zile tatu niliishi na kadi ile kama mtu aliyekabidhiwa mtoto mchanga. Moyoni nilimwona Subilaga akipanda mlima kuja kwangu na mvi zake ambazo sijaziona. Nilipanga hadi kiti atakachokalia. Tena nilijiambia hakuna uongo mkubwa hapo: sauti ni ya Lusajo, mawazo ni ya Lusajo, na sisi tumewaficha watu habari za misiba tangu kabla ya kadi, kabla ya runinga, kabla ya simu yenyewe.

Lakini kila nilipofika hapo kuna kitu kilinikwama. Nilijaribu kukumbuka misiba yote niliyoijua. Tumesema mgonjwa hajambo kidogo. Tumesema njoo haraka. Tumesema gari limeharibika ndiyo maana mzee hakuja stendi. Hatujawahi hata siku moja kumwinua marehemu mwenyewe tukampa maneno amwite mtu. Hapo sijui ni nani angekuwa anamdanganya Subilaga: Tupokigwe, mimi, au Lusajo. Na Lusajo, pamoja na wizi wake wote wa kadi, hakuwahi kumdanganya mdogo wake.

Jumamosi asubuhi nilivaa shati la kanisani, sijui kwa nini, nikakaa mbele ya mtambo wangu nyumbani. Kadi niliiacha mfukoni.

"Subi," nilisema, "ni mimi Ambo. Kaka yako hawezi kukujibu. Lusajo alifariki, ni mwaka wa nne huu. Tulikuwa tunakungoja ufike ndipo tukwambie. Uliyekuwa unacheza naye ni mkono wa akiba. Wifi yako na mimi tungependa urudi. Hilo ni letu sisi, si lake, na uamue ukijua hivyo. Pole sana, Subi. Pole."

Nilibonyeza kutuma kabla sijajihurumia. Kisha nikachukua kipokeo kidogo cha kubeba, chenye kipaza sauti cha kujibia, nikashuka moja kwa moja kwa Tupokigwe, maana sikutaka ajue kwa njia nyingine.

Alinisikiliza akiwa amesimama mlangoni. Nilimrudishia kadi. Aliipokea, akaingia ndani, lakini mlango hakuufunga, kwa hiyo na mimi nikaingia. Hakunipa chai. Katika miaka yote ya kuijua nyumba ile sijawahi kukaa bila chai. Alikaa upande wake wa meza, mimi upande wangu, mvua ikapiga bati mpaka kipokeo kilipolia.

*

"Ambo," ilisema sauti ya Subilaga. Ilikuwa nzito. "Asante. Nilishuku. Tangu mwaka juzi kaka alikuwa anashindwa halafu ananyamaza. Kaka yangu tangu lini ameshindwa akanyamaza? Nikajiambia labda uzee umempoza. Nikajishikilia hapo, maana sikuwa na pengine pa kujishikilia."

Nilimtazama Tupokigwe. Alikuwa ameinamisha kichwa.

"Sasa na mimi niwaambie langu, maana tumefichana wote. Mifupa yangu imekwisha. Huku mwili hauna uzito wa maana, na nimekaa mno. Daktari amenikatalia kile kiti. Amesema nikishushwa Duniani sitasimama, na huenda hata kushuka nisishuke hai. Sikuwaambia. Mngefanya nini zaidi ya kukosa usingizi? Lakini nilikuwa nimeapa moyoni: nikimsikia kaka kwa sauti yake akisema rudi, ninapanda hivyo hivyo, daktari apende asipende. Ningesema kama ni kufa, nifie mlangoni kwake."

Tupokigwe alikuwa bado na kadi mkononi. Aliiweka mezani kifudifudi, polepole, akaondoa vidole vyake juu yake kimoja kimoja. Alitaka kuniambia kitu, nikatikisa kichwa, nikamwonyesha kipokeo. Mimi mwenyewe nilikuwa nalia na sikuona haya. Nilikuwa nimempoteza Subilaga asubuhi ile ile niliyomwokoa, na sikujua kipi kati ya hivyo viwili ndicho kilichokuwa kinaniliza.

"Kwa hiyo sirudi," iliendelea sauti. "Kiti nimempa kijana mmoja wa Mombasa, mama yake anamsubiri. Wifi, nakujua. Najua mlikuwa mnangoja nifike ili mnishike. Msiningoje tena, wifi yangu. Mimi sifiki. Hapa nilipo ndipo nilipofika. Nimekaa chini. Nina wenzangu wawili hapa, wameacha kazi wamekuja, mmoja amenishika bega. Hawamjui kaka, lakini wamekaa. Sasa niambieni kama anavyoambiwa mtu aliyefika. Kaka alikufaje? Anzeni asubuhi. Msiruke kitu."

Sauti ilikatika. Ruhusa yangu ilikuwa ya ujumbe mmoja kwa Jumamosi, na nilikuwa nimeutumia. Nilipiga simu kituoni, nikamwambia kijana wa zamu kwamba tuna msiba na mfiwa yuko Titani. Akasema, "Pole, mzee. Tumieni, nitaiacha njia wazi."

Nilipogeuka, Tupokigwe hakuwa kitini. Alikuwa ameshuka sakafuni, ameegemea ukuta, amenyoosha miguu, na khanga ameivuta hadi kichwani, vile vile alivyokaa siku ya msiba wakati watu wanaingia mmoja mmoja na yeye anamsimulia kila mmoja upya. Aliniashiria nishushe kipaza sauti. Nilikiweka mapajani mwake, nikakaa chini pembeni.

Alisafisha koo.

"Wifi," alisema, "siku ile aliamka mzima kabisa. Alisema njaa inamuuma, nimpikie magimbi."